Mama alisema picha yangu imesimama

Leo hakuna video. Hii stori nimejaribu kuiongea mbele ya kamera mara tatu na kila mara sauti inakauka kabla nifike katikati, kwa hivyo wacha niiandike. Ni ndefu. Chukua chai.

Wale mmenifuata kitambo mnajua kazi yangu. Nachora nyuso kwa penseli kutoka picha ya simu, mpaka mtu anauliza kama ni foto. Unanitumia picha yako, naigawanya kwa miraba midogo, nachora miraba ile ile kwenye karatasi, halafu najaza mmoja mmoja kama mtu anayejaza fomu. Shilingi 2,500, fremu ni kando. Siri ya biashara ni ngozi na unyevu. Ukionyesha matundu ya ngozi na kamwanga kadogo kwenye mdomo uliolowa, watu wanapagawa. Komenti ni zile zile kila wiki, "Hii si penseli!" na "Maze, hii ni foto." Sijawahi kuchoka kuzisoma, nisiwadanganye.

Mwezi wa nne nikachora mikono ya Mama.

Mama ni mchumaji wa chai. Aliingia kwenye shamba la kampuni moja hapa Kericho kabla mimi nizaliwe, na mimi nina miaka 22. Nimelelewa kwenye nyumba za kampuni, zile za safu, mnasikia jirani akikohoa. Vidole vyake viwili vya kwanza vina weusi wa utomvu wa chai ambao hakuna sabuni imewahi kuutoa, na kucha ya dole gumba la kulia imepasuka katikati, kila ikimea inapasuka pale pale. Nilimwambia anawe, aweke mikono juu ya meza, dirisha likiwa upande wa kushoto. Nikapiga picha. Nikachora saa 61 kwa hesabu ya simu. Ile posti ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kufanya, mpaka watu wa Dar na Kampala wakaanza kuniuliza bei.

Nikampelekea Mama ile ya karatasi yenyewe. Akaiangalia muda mrefu. Akasema ni nzuri, nimefanya kazi. Halafu akasema, "Lakini imesimama."

"Imesimama aje, Mama?"

"Mikono yangu haikai hivyo. Hiyo ni mikono ya mtu amelazwa."

Akaenda kuinjika chai.

Nilikasirika, na nikikasirika huwa naingia kwenye simu. Sasa kama unafuata kurasa za sanaa unajua kuna vita moja ya zamani ambayo watu wa rika letu wameifufua. Upande mmoja wanaposti wale mafundi wa mwisho wa karne ya 19: John Singer Sargent, Joaquín Sorolla wa Valencia, Anders Zorn wa Uswidi, Giovanni Boldini. Wanakukuzia kipande cha gauni, unaona ni mikwaruzo minne tu ya brashi, ukirudi nyuma hatua mbili inakuwa hariri. Halafu kando wanaweka Monet na maandishi juu: huyu hakujua kuchora. Upande wa pili wanajibu kwamba hao mafundi walikuwa wa kupendezesha matajiri, na Waimpresionisti ndio walileta uhuru. Mimi nilikuwa upande wa kwanza bila hata kufikiria. Mtu anayekula kwa sababu ya matundu ya ngozi angekuwa upande gani mwingine?

Kwa hivyo nilienda kutafuta silaha. Nilitaka kumthibitishia mama yangu, ambaye hata hakuwa anabishana na mimi, kwamba picha nzuri inaruhusiwa kusimama.

Nikaanza na 1874. Tarehe 15 Aprili mwaka huo wachoraji kama 30 walifungua maonyesho yao wenyewe Paris, ndani ya studio ya zamani ya mpiga picha aliyeitwa Nadar. Walikuwa wamechoka na Salon (si ya kusuka nywele, haya ni maonyesho makubwa ya serikali ambapo kamati ilikaa na kuamua nani anaingia na nani anarudi nyumbani na turubai lake). Monet alileta picha ya bandari ya Le Havre jua likichomoza, ya 1872. Mwandishi wa gazeti la vichekesho, Louis Leroy, akachukua neno moja kwenye jina la ile picha akalitumia kuwacheka wote, na ndilo limebaki jina lao mpaka leo. Aliandika kwamba hata karatasi ya ukutani iliyo nusu imemalizika kuliko ile bahari. Yaani komenti ya "mtoto wangu wa nasari anaweza" ina zaidi ya miaka 150.

Wakati huo aliyekuwa anauza ni Ernest Meissonier. Huyu alikuwa anachora kila kifungo cha askari na kila mshipa wa farasi. Picha yake ya Napoleon na jeshi kwenye barabara ya matope na theluji, mwaka 1814, iliuzwa mwaka 1890 kwa faranga 850,000. Sasa simama stendi ya Kericho uulize watu mia moja Meissonier ni nani. Halafu uulize Monet. Monet utapata angalau mmoja ana picha yake nyuma ya kava ya simu.

Nilifurahi kidogo kwa Monet na nikaogopa kidogo kwa ajili yangu.

Halafu nikakuta kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia. Huyo Monet wa "hakujua kuchora", akiwa kijana Le Havre, alikuwa anauza michoro ya nyuso za watu. Vikaragosi, lakini vya kufanana, mpaka watu wa mji walikuwa wanasimama dirishani kujitafuta. Alikuwa anatengeneza pesa yake. Ni mchoraji mkubwa kwake kwa umri, Eugène Boudin, aliyemtoa nje akamwambia njoo tuchore bahari ikiwa pale mbele yako. Kwa hivyo Monet alianza penye mimi niko. Alikuwa na mkono. Aliamua kuutumia kwa kitu ambacho hakikai.

Na upande wa mafundi nako si venye tunaambiwa. Sargent na Monet walikuwa marafiki. Kuna picha ya 1885 ambayo Sargent alimchora Monet akiwa amekaa pembeni mwa msitu anafanya kazi, na Sargent mwenyewe alinunua kazi za Monet. Mwaka huo huo akaanza picha ya wasichana wawili wakiwasha taa za karatasi bustanini wakati wa magharibi, huko Broadway, Uingereza. Ule mwanga wa zambarau alioutaka unakaa dakika chache tu kwa jioni. Kwa hivyo kila jioni wote walikuwa wanatoka nje, anapaka dakika zake chache, giza linaingia, wanarudi ndani. Msimu ukaisha, maua yakafa, akaweka maua ya bandia. Akaendelea mwaka uliofuata. Msee alikuwa na ufundi wa kumchora mtu yeyote Ulaya kwa bei anayotaka, na amekaa miezi na miezi anafukuza dakika kumi. Halafu karibu 1907 akaacha kazi ya kuchora picha za watu wa kulipa, isipokuwa chache, akaenda na rangi zake za maji milimani na kwenye mifereji ya Venice. Alikuwa amechoka nao.

Hapo ndio nilianza kuona aibu. Nilikuwa nimejiweka timu Sargent, na Sargent asingenijua. Yeye alikuwa anamkalisha mtu hai mbele yake, mtu anayepumua, anayechoka na kusogea, na kichwa kikikataa anakikwangua chote anaanza upya. Kila mkwaruzo ni uamuzi, na uamuzi umefanywa kwa sekunde moja na mtu ambaye amefanya hivyo tangu utoto. Mimi sikuamua kitu kwenye ile mikono. Simu iliamua. Mimi nilijaza miraba. Uvumilivu ninao, huo sikatai, na hakuna mtu ataninyang'anya zile saa 61, lakini uvumilivu na ufundi ni vitu viwili na nilikuwa nimeviuza kwa bei moja.

Kama nafanana na mtu wa wakati ule, ni Bouguereau. Alichora wasichana wa mashambani wengi sana, pekupeku, kwenye njia za vumbi, na miguu yao ni misafi kama ya mtoto ametoka kuogeshwa. Nilicheka nilipoona. Halafu nikakumbuka nilimwambia Mama anawe mikono kwanza.

Sasa kabla mtu aandike kwamba haya ni mambo ya wazungu wa zamani: hiyo hesabu iko hapa pia. Sam Ntiro, Mchagga wa kule Kilimanjaro, alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akawa anachora migomba na watu wa kwao wakiwa kazini, watu wadogo, sura huoni, kivuli hakuna. Ukimpima kwa ufundi wa mkono utasema hajui. Picha yake ya 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na makumbusho ya MoMA, New York, na yeye baadaye akawa balozi wa Tanganyika London. Mimi sikufundishwa jina lake popote. Nimelipata nikitafuta kitu kingine.

Basi nikamwomba Mama niende naye shambani.

Hapa lazima niseme kitu ambacho sijakiposti. Sehemu anayochuma Mama inaenda kwa mashine. Wameambiwa mwisho wa mwezi wa saba. Mnajua habari za mashine hapa kwetu, Mei 2023 zilichomwa, ilikuwa kwenye kila televisheni, sihitaji kueleza. Mama hakuchoma kitu na hakutaja kitu. Alikuja tu jioni moja akasema tutahitaji magunia ya kupakia vyombo, kwa sababu nyumba inaenda na kazi. Tutahamia kwa Kogo, upande wa Bomet, ambako kuna chai robo eka na ng'ombe wawili. Robo eka Mama ataimaliza kabla jua liwe kali, halafu akae wiki nzima na zaidi akingoja ichipue tena. Amechuma kila siku ya maisha yangu. Sijui atafanya nini na ile mikono.

Kwa hivyo sikuwa naenda kufanya zoezi la sanaa. Nilikuwa na wiki chache.

Supavaisa aliniruhusu nisimame barabarani, nisiingie kwenye mistari. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu mpaka kiunoni, ile baridi ya Kericho inayoingia kwa soksi. Wakaingia na epuroni zao za plastiki na vikapu mgongoni, kila mmoja na kile kifimbo chembamba wanalaza juu ya vichaka kuonyesha kimo cha kuchuma. Halafu wakaanza.

Nimekulia hapo na sikuwahi kuangalia. Mama haangalii mikono yake. Macho yako kichaka cha mbele, mikono yote miwili iko kichaka cha sasa, kila mmoja na shughuli yake, majani mawili na chipukizi, jani gumu linaachwa, majani mawili na chipukizi, viganja vikijaa vinarusha juu ya bega, majani yanaingia kikapuni bila yeye kugeuka. Anaongea na jirani wakati huo wote. Anacheka. Nilijaribu kuona vidole na sikuona vidole. Niliona kitu kama ndege wawili wanapigana juu ya kichaka.

Ile hariri ya mikwaruzo minne ambayo tunaipostia moto, si ndio hii? Mkono umefanya kitu mara nyingi mpaka haumuulizi tena mwenyewe. Tofauti ni kwamba hii inapimwa kwa kilo na jioni inaingia kwenye lori.

Na sasa ichore. Ukichora vidole umechora mkono uliosimama. Usipochora vidole una doa.

Nilikuwa na kadibodi, rangi za akriliki za bei ya chini, na akili ya kuiga Zorn. Huyu Zorn ndiye ninampenda zaidi kati ya wote, wacha niseme wazi. Mama yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha bia, baba Mjerumani ambaye hakuwahi kumwona, akalelewa kwa babu na nyanya shambani, Mora. Baadaye akachora marais wa Marekani, Cleveland na Taft. Anajulikana kwa kutumia rangi nne tu: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Nikaona hiyo inanifaa, nne ndizo naweza kununua. Kuna picha alimchora mama yake mwaka 1898, inaitwa Mona, na huyo mama hajapambwa, hajafanywa malkia, anakuangalia tu.

Lakini rangi nne za Zorn na chai ya Kericho haziongei. Nyeusi na manjano zinakupa kijani cha zeituni, sawa, inafaa kwa majani mazee chini ya wingu. Chipukizi haliko hapo. Chipukizi likipigwa na jua la saa mbili ni karibu la manjano kabisa, linawaka, na kivuli katikati ya mistari ni samawati, kweli samawati, nilikodoa macho nikidhani ni mimi. Wakosoaji walikuwa wanawacheka Waimpresionisti kwa vivuli vya samawati na zambarau. Waje hapa. Na sijafika hata kwenye ile chai ya zambarau ya watafiti wa hapa Kericho, ambayo ni zambarau hata bila kivuli. Nikarudi mjini kununua tyubu ya samawati na ya limau. (Mwambieni asante John Goffe Rand, Mmarekani aliyesajili tyubu ya rangi mwaka 1841. Bila tyubu kubeba rangi mpaka shambani kungekuwa kazi ngumu zaidi.)

Nilienda siku sita. Ukungu ukiondoka una dakika ishirini za mwanga mmoja, halafu kila kitu kinabadilika na ulichopaka ni uongo. Monet alichora marundo ya nafaka yale yale karibu mara 25, 1890 na 1891, akibadilisha turubai mwanga ukibadilika. Nilidhani ni madaha. Siku ya tatu nikaja na kadibodi nne. Mchana mvua, na siku moja mawe ya barafu yakapiga rangi ikiwa bado mbichi, na hiyo ndiyo iliyotoka vizuri kidogo, sitanii.

Niliposti moja. Hamkuipenda. Laiki 43, na mmoja wenu, ambaye amenunua kwangu mara mbili, akaandika, "Rudi kwa penseli dada, hii umeharibu." Nilifikiria kuitoa. Haikuwa nzuri, huo ndio ukweli, anga ilikuwa nzito kama matope. Watu wanasema Waimpresionisti ni rahisi kuiga kwa sababu hawakumaliza. Jaribu. Kwenye penseli ukikosea mraba mmoja unafuta mraba mmoja. Kwenye hii ukikosea rangi ya ukungu umekosa asubuhi yote.

Jumamosi nikamwonyesha Mama ile ya mvua ya mawe. Sikumwambia kitu. Ni mteremko, vichaka, ukungu unapasuka, na mtu mmoja ambaye ni mikwaruzo mitatu: epuroni, kikapu, na doa jepesi mahali pa mikono. Sura hana.

Akaishika kwa mbali, akaisogeza, akaisogeza tena.

"Hii ni kule chini karibu na mto. Saa mbili na kitu."

"Ndiyo, Mama."

"Na huyu si mimi." Akacheka. "Huyu ni mama wa nyumba ya pili. Yeye ndiye anainama na bega la kulia hivyo, tangu ajifungue yule wa mwisho. We chepto, umesimama huko siku sita unachora mtu mwingine?"

Nikaangalia. Ni kweli. Ni bega la mama wa nyumba ya pili. Nililiweka bila kujua, kwa mkwaruzo mmoja, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Akaenda kumwita. Mama wa nyumba ya pili akaja na unga mikononi, akaangalia sekunde mbili, akasema anaichukua, na akaichukua. Yeye pia anahama. Ile ya penseli Mama ameifunga kwa gazeti pamoja na vyeti vyangu vya shule na picha ya harusi yake, iko chini kabisa ya gunia la nguo, mahali pa vitu ambavyo havifai kulowa.

Kwa hivyo yeye bado sijamchora. Nina asubuhi kumi na moja, nikitoa Jumapili. Rangi nyeupe imeisha kwa sababu ya ule ukungu, na duka la hapa lina tyubu ndogo tu, nimeagiza kubwa Nairobi. Inafika na matatu ya Alhamisi. Oda zenu za penseli nitazianza mwezi wa nane, mwenye haraka aniambie nimrudishie pesa.